Mauti na Mtawa

Mpwa wangu anaishi Leicester, Uingereza. Baba yake alipofariki Tanga hakuwahi maziko. Tiketi ilipatikana siku ya tatu, na kwetu maiti haisubirishwi. Akarudi kazini kilio kikiwa bado kifuani. Hapo kazini ana mwenzake, mama mmoja wa Kiingereza anayependa karata za taroti, ambaye siku moja wakati wa chai alizichanga, akazitandaza mezani, akamwambia achomoe mbili. Jioni nikaletewa picha kwenye simu, na chini yake maneno haya: "Shikamoo mjomba. Hizi kwa Kiswahili zinaitwaje? Nataka kumsimulia mama, lakini nikisema nimechomoa Kifo na Mzee Mpweke, atalia. Na mwenzangu anasema maana yake sivyo kabisa."

Mama anayemtaja ni dada yangu, na wakati huo alikuwa ndani ya eda.

Nilimjibu kwamba mimi si mpiga ramli, na kwamba wanayosema wanazuoni wetu juu ya kutafuta ghaibu kwa karata, kwa mchanga au kwa nyota anayajua kama ninavyoyajua mimi. Lakini hakuniuliza habari za ghaibu. Aliniuliza maneno, na maneno ndiyo kazi inayonilisha. Nikaomba siku mbili nifikiri.

Karata zenyewe ni za seti iliyochapishwa London mwaka 1909 na nyumba ya William Rider. Maelekezo yalikuwa ya Arthur Edward Waite. Kalamu ilikuwa ya Pamela Colman Smith, mwanamke aliyezaliwa London mwaka 1878, akaishi Jamaika miaka kadhaa ya utoto wake, akachapisha ngano za Buibui za kisiwa hicho mwaka 1899, na akafa maskini mwaka 1951. Kwa miongo mingi seti ile iliitwa kwa jina la mchapishaji na la Waite peke yao. Namtaja hapa kwa kuwa alichokichora kinasema kuliko vitabu vilivyoandikwa kukieleza.

Karata ya 13: kiunzi cha mifupa kimevaa deraya nyeusi, kimepanda farasi mweupe, kimeshika bendera nyeusi yenye waridi jeupe. Mfalme amelala chini, taji limemdondoka. Askofu amesimama mbele ya farasi, mikono ameiunganisha kama anayesihi. Msichana amepiga magoti na kugeuza uso. Mtoto mdogo, naye kapiga magoti, anamtazama mpanda farasi usoni. Nyuma yao unapita mto wenye chombo cha matanga, na kwa mbali, katikati ya minara miwili, kuna jua. Karata ya 9: mzee mwenye ndevu nyeupe na joho la kijivu, peke yake juu ya theluji kileleni mwa mlima. Mkono mmoja umeshika mkongojo, mwingine umeinua fanusi, na ndani ya fanusi inawaka nyota.

Nilitaka kuanza kubuni majina papo hapo. Nikajizuia, nikatazama kwanza tulicho nacho nyumbani.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na kuanzia mwaka 1593 walikuwa wakijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Walipoondoka walituachia meza, leso, bendera, gereza, na karata. Neno hilohilo walilibwaga Japani pia, na huko mpaka leo linaitwa karuta. Hapa kwetu hawakuacha jina la kitu kizima tu, waliacha na majina ya sehemu zake. Kopa ni "copas" ya Kireno, yaani vikombe. Uru ni "ouros", dhahabu, ndiyo sarafu. Shupaza ni "espadas", panga. Pau ni "paus", magongo. Vikombe, sarafu, panga, magongo: hayo ndiyo makundi manne ya zile karata 56 za kawaida zilizomo katika taroti. Wazee wanaocheza chini ya mwembe alasiri, mikononi wana karata zenye picha za Kifaransa, moyo na jani na kadhalika, ila midomoni wanataja makundi ya taroti. Binti anayechora kopa pembeni mwa barua ya mapenzi anachora moyo na kuutaja kikombe.

Kuna kubwa zaidi. Karata 22 zilizobaki, zenye picha ambazo ndizo hasa taroti, huko kwao Italia hazikuitwa taroti hapo mwanzo. Kumbukumbu za Florence na Ferrara za miaka ya 1440 zinaziita "trionfi", maana yake shangwe za ushindi, kwa kuwa karata hizo hushinda nyingine zote. Neno "tarocchi" lilikuja mwanzoni mwa karne ya 16. Lile la kwanza, "trionfo", lilihamia michezo mingine ya karata kote Ulaya, likaingia Kireno likawa "trunfo", likapanda merikebu, likashuka pwani kwetu, likawa turufu. Kila mwandishi wa michezo anayesema kocha ametupa karata yake ya turufu anataja, bila kukusudia, jina la kwanza la karata aliyoichomoa mpwa wangu.

Na turufu hizo zilikuwa za kuchezea. Kwa zaidi ya miaka 300 watu walizichanga, wakazigawa, wakalana. Mwaka 1781 ndipo Antoine Court de Gébelin, mwanachuoni wa Paris, alipoandika kwamba ni mabaki ya hekima ya Misri ya kale. Haikuwa kweli, lakini maneno yake yalipata wafuasi, na miaka michache baadaye Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake akajiita Etteilla, alikuwa akichapisha namna ya kuzitumia kutabiria. Wafaransa wa karne ya 19 wakaziongezea jina la Kilatini lenye maana ya siri. Nimeona watu wakilifasiri kwa "siri kuu". Ni fasiri sahihi ya neno ambalo halikuhitajika. Anayesema siri kuu anawafuata Wafaransa hao. Anayesema turufu anawafuata wachezaji wa Ferrara. Mimi nasema turufu. Na wewe msomaji, kama una babu au bibi ajuaye ree na ghulamu na majina mengine ya karata, kaa naye na daftari wiki hii, kwa maana wacheza karata vijana ninaowasikia wanazitaja kwa Kiingereza.

Basi tunazo karata na tunazo turufu. Je, mama yule wa Leicester alifanya nini mezani pale? Watu wanasema alisoma karata. Sina ugomvi nalo, ila linanukia tafsiri. Kupiga ramli hakufai, kwa kuwa ramli ni mchanga. Kupiga bao hakufai, kwa kuwa bao ni ubao. Kuagua kunataka mgonjwa na dawa. Limebaki kutabiri, na kwa muda mrefu nililidharau neno hili, kwa jinsi lilivyochakazwa na matokeo ya mpira na habari za mvua. Kisha nikalifuata hadi shinani.

Shina lake la Kiarabu ni kuvuka, kama mtu avukavyo mto kwenda ng'ambo. Kutokana na kuvuka huko Waarabu walipata neno la kufasiri ndoto: kilichoonwa usingizini kinavushwa hadi upande wa walio macho. Ndilo lililokuja kwetu likawa kutabiri, na katika kamusi za zamani kufasiri ndoto bado kumo ndani yake. Lakini halikuja peke yake. Lilikuja na kuabiri, yaani kusafiri chomboni, na abiria aliyemo ndani ya chombo. Likaja na ibara pia, ile ya Katiba, maana ibara ni usemi uliovusha wazo kutoka moyoni hadi kwenye karatasi. Mtabiri na abiria ni ndugu wa shina moja. Nilipoitazama upya karata ya 13 nikakiona kile chombo mtoni, nilichokuwa nimekipita mara zote nikikimbilia mifupa.

Karata hiyo ndiyo iliyonichelewesha. Katika seti za kale za Kifaransa, zile zinazoitwa za Marseille, kila turufu imeandikwa jina lake chini isipokuwa hii; ina namba tu. Wachapaji walisita kuandika neno lenyewe, na nadhani Mswahili yeyote anawaelewa. Sisi tunasema amefariki, na kufariki ni kutengana, ndugu wa mfarakano. Tunasema ametangulia mbele ya haki, ametutoka, hatunaye tena. Kusema fulani kafa, mbele ya wafiwa, ni ukavu wa ulimi. Kitenzi chenyewe tumekiacha kihangaike mitaani na vitu vingine: betri imekufa, biashara imekufa, injini imekufa, mkono umekufa ganzi. Kwa Kiswahili vitu vingi hufa na hakuna anayechimba kaburi. Ndiyo sababu mpwa wangu aliambiwa kwamba karata hii haimaanishi msiba, ni mwisho wa jambo na mwanzo wa jingine, na akakubali upesi kuliko Mwingereza anavyokubali. Lugha yake ilikwisha kumwandaa.

Ila upana huo umo katika kitenzi. Jina, kifo, halinao. Hakuna asemaye kifo cha betri. Kifo kinakwenda moja kwa moja msibani, kwenye turubai na viti vya kukodi. Alikuwa na haki mtoto yule kuogopa kulitamka kwa mama yake.

Nililifikiria neno ajali. Zamani lilikuwa na maana ya muda aliopangiwa kiumbe kuishi, na siku yake ikifika, imefika. Lingefaa sana. Lakini limekwisha kutekwa na mabasi ya barabara kuu, na kulirudisha ni kazi ya vizazi.

Limebaki mauti, nami nalitetea kwa sarufi. Kifo hutokea: kilitokea hospitali, kilitokea jana usiku. Mauti hayatokei. Mauti yalimfika akiwa safarini. Mauti yalimkuta shambani. Hata mwandishi wa gazeti anayeandika kwamba umauti ulimkuta anafuata mwendo huohuo. Katika Kiswahili mauti yana miguu, yanakuja, yanakuta watu mahali walipo. Na katika karata ya Smith yamepanda farasi. Turufu ya 13 iitwe Mauti.

Jina la picha ni jambo moja na maana ya karata ni jambo jingine. Vitabu vya Kiingereza vinaieleza karata hii kwa neno ambalo fasiri yake ya haraka ni mpito. Mpito ni neno safi, ila limekaa mno maofisini: serikali ya mpito, kipindi cha mpito. Halina mtu ndani yake. Kwenye mzizi uleule wa kupita kuna neno jingine nililolipenda zaidi, nalo ni kupisha. Nipishe. Tupisheni mzigo. Kupisha ni kumwachia mwingine nafasi apite, na ndicho wanachoombwa watu wanne wa ile picha. Mfalme hakupisha, akaangushwa. Askofu anasihi asipishe. Msichana hawezi kutazama. Mtoto peke yake anatazama. Na tunasema nini sisi mtu akitaja mauti mbele yetu? Mungu apishe mbali. Nimelisema neno hilo tangu utotoni bila kulisikia. Tunaomba yapite, na yapite mbali, lakini hata dua yenyewe inakiri kwamba yapo njiani na kwamba yana mahali yanapokwenda.

Karata ya 9 ilionekana nyepesi. Mpweke, basi. Lakini mpweke ni mtu aliyepatwa. Upweke humshika mtu kama homa. Mkiwa ni zaidi: ni aliyebaki bila wake, na nyumba iliyohamwa tunasema imekuwa ukiwa. Mzee wa picha hajapatwa na kitu. Kapanda mlima kwa miguu yake. Kiswahili kinazijua tofauti hizi kwa viungo vidogo vya kitenzi: kutengwa ni kufanyiwa, kujitenga ni kutaka mwenyewe. Kina na faragha, neno lenye utupu ndani yake, utupu mzuri, wa chumba kilichoondolewa vyombo ili mtu afikiri. Faragha inamfaa mzee huyu. Tabu ni kwamba haizai jina la mtu.

Waandishi wa Kikatoliki wana mkaapweke, kwa watakatifu kama Antoni wa Misri, na ni neno lililojengwa vizuri, lakini limeundwa kwa kazi hiyo na linabaki kanisani. Nikarudi pwani, nikamkuta mtawa. Leo wengi wakisikia watawa wanawaza masista na mabruda, na si kosa. Lakini kabla ya hapo kutawa kulikuwa kukaa ndani, kutotokatoka, kwa ajili ya staha na ibada. Na mtawa alikuwa yeyote aliyeishi hivyo, mwanamke wa Lamu au mcha Mungu wa Pemba. Neno moja limekaliwa na Uislamu na Ukristo bila kuvunjika, na maneno ya namna hiyo si mengi.

Rafiki yangu mmoja mfasiri alinipinga. Alisema jina la Ulaya la karata hii linatokana na jangwa, kwa Kigiriki, na mzee mwenyewe yuko nje kwenye theluji. Utamwitaje kwa neno la kukaa ndani? Hoja nzuri. Nikamkumbusha shiraa, ile hema ya kitambaa ambayo wanawake wa Lamu wa zamani walitembea ndani yake, ikibebwa juu ya fito, ili wapite njiani wakiwa bado wamo ndani. Joho la yule mzee ni shiraa yake. Ametoka nje na ndani yake.

Halafu nikapata jambo ambalo sikulitafuta. Katika karata za Visconti-Sforza, zilizochorwa kwa watawala wa Milano katikati ya karne ya 15 na ambazo leo 35 kati yake zimo katika maktaba ya Morgan, New York, mzee huyu hana taa. Ana saa ya mchanga. Waitalia walimwita Mzee, au Kibiongo, au Wakati. Fanusi ilikuja baadaye. Kabla ya kuwa mtafuta nuru, alikuwa mhesabu muda.

Nikamfikiria dada yangu. Eda, kwa Kiarabu, ni hesabu. Ni ndugu wa idadi. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10. Siku zinahesabiwa. Utengano huo una mlango wa kuingilia na wa kutokea, na lugha inauonyesha: amekaa eda, ametoka eda. Ndivyo tunavyosema hata penginepo: mwali huwekwa ndani, kisha hutolewa, mwenye itikafu huingia msikitini na hutoka mwezi unapoandama. Upweke hauna kitenzi cha namna hii. Mtu hatoki upweke kwa siku inayojulikana. Hapo ndipo karata mbili zile zilipokutana mbele yangu, Mauti kwanza na Mtawa baadaye, kinyume cha namba zao: farasi anapita, kisha mtu anakaa ndani na saa yake ya mchanga, na baada ya muda mchanga unabadilika kuwa taa.

Sikuthubutu kuiita karata ya 9 Eda. Eda ni sheria, ina wenyewe na ina masharti yake. Haiwezi kubandikwa kwenye picha ya mzee wa Kizungu. Ilinisaidia kufasiri, nikaiacha mahali pake. Mfasiri anayeshindwa kutenganisha kinachomwangazia na kinachomfaa kuandika ataharibu lugha mbili kwa mpigo. Hata neno istilahi lina onyo hilo: limetoka shina moja na suluhu. Istilahi ni walichopatana watu, si alichopenda mmoja. Mauti na Mtawa ni maneno ambayo Waswahili walikwisha kupatana juu yake kabla sijazaliwa, na ninachoomba kwa wanaofasiri vitabu vya namna hii ni kwamba wasiyaruke kwenda kuunda mengine.

Siku mbili zilikuwa zimegeuka wiki. Nilimwandikia mpwa wangu hivi: "Mwambie mama kuwa umechomoa turufu mbili. Ya kwanza ni Mauti, yamepanda farasi, yanapita, na mtoto mdogo anayatazama bila kukimbia. Ya pili ni Mtawa, mzee aliyeshika fanusi. Msomee polepole, na usiseme mpweke."

Akampigia usiku uleule. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho, hakulia, akauliza swali moja tu: ndani ya fanusi mna nini? Mtoto akamjibu, nyota. Siku hiyo dada yangu alikuwa amebakiza siku 19 za eda.